Mdogo wangu ameambiwa apandikizwe mapafu baada ya uvimbe wa Castleman. Tuuze nyumba tumpeleke India?

Kijana wa Pangani (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Naomba mnisome hadi mwisho, na kama humu kuna daktari au mtu aliyepita njia hii, aniambie bila kunificha.

Mdogo wetu wa mwisho, binti, alikuwa chuo mwaka wa pili. Alianza na vidonda vya mdomo. Midomo yote ikachubuka na kuganda damu, ulimi ukachunika, hata uji wa vuguvugu ukawa unamtoa machozi. Tukapewa dawa za fangasi, tukapewa za virusi, akapimwa Ukimwi mara kadhaa, hana. Macho yakawa mekundu, mikono ikatoka mabaka. Kwa mganga pia tulikwenda, sitaficha. Mwishowe daktari wa ngozi alimkata kinyama akapeleka maabara, akasema hii ni pemfigasi, ugonjwa wa kinga ya mwili kuchubua ngozi na mdomo, lakini si ile ya kawaida, mpigeni picha kifua na tumbo, kuna uvimbe mahali. Na kweli, ulikuwa nyuma ya tumbo, jirani na figo. Ukatolewa, maabara ikaandika ugonjwa wa Castleman, yaani uvimbe nadra wa tezi za limfu.

Vidonda vikapungua sana. Sasa anakula ugali, ngozi imetulia. Ila pumzi ndiyo imeharibika. Alikuwa anajisuka mwenyewe. Siku hizi akiinua tu mikono kichwani anakatika pumzi, inabidi aishushe, apumzike, aanze tena. Alipewa dawa za pumu za kuvuta, wala hazikugusa. Akapuliza kwenye kile kipimo cha pumzi, FEV1 yake, yaani hewa anayoitoa kwa nguvu ndani ya sekunde ya kwanza, ikatoka asilimia 24 ya inayotakiwa kwa umri wake. Ugonjwa wameuandika bronkiolaitisi obliteransi, yaani vijia vidogo vya hewa mapafuni vimeziba. Usiku analala na mashine ya oksijeni.

Tumeambiwa kilichobaki ni kupandikizwa mapafu, na hapa nchini hakuna. Kuna dalali wa matibabu ametuletea hesabu ya hospitali moja India, anasema tukilipa nusu wiki hii, mapafu yanapatikana ndani ya mwezi. Baba ameshazungumza na mtu wa kununua nyumba. Wengine kwenye kundi la familia wanasema twende, wengine wanasema tunatupa hela.

Nauliza: hili jambo ni la kweli? Mimi ndugu yake siwezi kumpa pafu langu moja? Na kama uvimbe umetolewa, kwa nini kifua hakirudi?

Mkulima Hai

Pole sana mkuu. La mapafu wajuzi watakuja. La dalali naomba nikujibu mimi: usimlipe hata shilingi. Mtu anayekuahidi kiungo cha mtu kwa tarehe anakuahidi asichokuwa nacho. Mwambie baba asubiri, tafadhali.

Tabibu Kifua

Ndugu yangu, nimesoma yote. Natibu magonjwa ya kifua, na haya mnayopitia ni nadra mno, madaktari wengi hustaafu bila kukutana nayo. Huyo wa ngozi aliyesema mtafute uvimbe amewafanyia kazi kubwa.

Nianze na swali lako la mwisho, maana uamuzi wote umekaa hapo. Pemfigasi ya namna hii ilielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1990 na Grant Anhalt na wenzake Marekani, kwa wagonjwa watano. Walichogundua ni kwamba uvimbe ulioko mbali na ngozi unaufanya mwili utengeneze kingamwili zinazoshambulia protini zinazoshikanisha chembe za ngozi na utando laini. Kwa watu wazima mara nyingi nyuma yake kuna saratani za tezi na damu. Kwa watoto na vijana mara nyingi ni Castleman. Mwaka 2004 watafiti wa Beijing walionyesha kwamba chembe za uvimbe wenyewe wa Castleman ndizo zinazotoa hizo kingamwili. Kwa hiyo uvimbe ukitolewa wote, kiwanda kimefungwa, na ndiyo maana mdomo wa mdogo wako umepona.

Sasa shida ni hii: zile protini hazipo mdomoni tu. Zipo pia kwenye utando unaofunika vijia vya hewa. Kingamwili zikishambulia huko, chembe zinabambuka, mwili unajaribu kuziba pengo, na vile vijia vidogo kabisa, vyenye upana usiofika milimita mbili, vinajaa kovu. Mdomo ukichubuka unaota ngozi mpya. Kijia cha hewa kikishaziba kwa kovu hakifunguki. Ndiyo maana dawa za pumu hazisaidii: zinalegeza misuli iliyobana, na hapa kilichobana si misuli.

Kwa hiyo ndiyo, kupandikiza ni jambo la kweli. Kuna wagonjwa wa aina hii hasa waliopandikizwa na taarifa zao zikachapishwa kwenye majarida ya kitabibu, ingawa ni wachache. Lakini hakuna kituo makini kitakachompokea kabla ya kuridhika na mambo matatu. Kwanza, je, uvimbe umekwisha? Waangalie picha mpya, na kile kinyama cha maabara wakisome wao wenyewe, kwa sababu kama ni limfoma, saratani ya tezi, iliyofichama jibu litabadilika kabisa. Pili, kingamwili zimeshuka? Kuna kipimo ambapo maji ya damu ya mgonjwa yanawekwa juu ya kipande chembamba cha kibofu cha panya, yakinata wanayaona kwenye hadubini. Kama bado ziko juu, mapafu mapya yana utando uleule na yatashambuliwa vilevile. Tatu, kifua kinaendelea kuporomoka au kimesimama? Asilimia 24 iliyosimama na asilimia 24 inayoshuka kila mwezi ni wagonjwa wawili tofauti. Ana vipimo vingapi vya pumzi hadi sasa?

Kuhusu kumpa pafu lako: si kama figo. Ipo njia ya watu wawili walio hai, kila mmoja anakatwa sehemu ya chini ya pafu moja, mgonjwa anawekewa hizo mbili. Ilianzia Marekani, na Japani wamekuwa wakiifanya tangu 1998, ilipoanza Okayama. Ni vituo vichache sana duniani, na inaweka watu watatu chini ya kisu badala ya mmoja. Kwa sehemu kubwa ya dunia mapafu yanatoka kwa mtu aliyekufa ubongo huku moyo wake ukiendelea kupiga kwa msaada wa mashine. Lazima kundi la damu lilingane, kimo chao kikaribiane ili mapafu yaenee kifuani, na kwa njia ya kawaida ya kuyahifadhi kwenye barafu wana saa sita hadi nane hivi kuyaunganisha. Sasa fikiria mwenyewe, nani anaweza kukuahidi hayo yote "ndani ya mwezi"? India ina sheria ya viungo tangu 1994, kuuza kiungo ni kosa la jinai, na mapafu ya waliofariki hupewa kwanza raia wao. Mgeni anasubiri nyuma ya foleni.

Kijana wa Pangani

Daktari, Mungu akuzidishie. Kipimo cha pumzi amefanya kimoja tu. Kingamwili hakuna aliyetutajia. Picha baada ya upasuaji hatujapiga.

Nimemsomea baba maneno yako kwa simu, akanyamaza, akasema basi tusubiri kwanza.

Naomba kuuliza jingine. Akishapandikizwa, amepona?

Binti wa Kisauni

Kaka, hilo nijibu mimi, maana ndilo ninaloishi nalo. Niko Toronto. Mume wangu alipandikizwa mapafu yote mawili. Yeye chanzo kilikuwa baridi yabisi, ile ya kingamwili inayokula viungo, lakini kifuani ilimletea hichohicho alichonacho mdogo wako.

Hospitali tunayohudhuria ndipo kwa mara ya kwanza duniani mtu alipopandikizwa pafu akaishi miaka, mwaka 1983. Kabla ya hapo walijaribu sana: wa kwanza kabisa alikuwa Mississippi mwaka 1963, akaishi siku 18. Nasema hivi ujue kwamba ni fani iliyojengwa kwa uchungu mwingi, na hata leo mapafu ni kiungo kigumu kuliko figo au ini. Yanavuta hewa ya nje kila sekunde. Kila vumbi na kila mdudu anapita humo.

Kupona kwa maana ya kusahau ugonjwa, hapana. Kupumua, ndiyo. Siku walipomtoa mpira wa mashine kooni alivuta pumzi akashtuka mwenyewe, akashika kifua, akaniangalia kama mtu aliyeibiwa kitu. Hakuwa amevuta pumzi ndefu kwa muda mrefu sana.

Lakini maisha yake yamefungwa na saa. Takrolimasi, dawa ya kuzuia mwili usiyakatae mapafu, asubuhi na jioni kwa saa ileile, damu inapimwa mara kwa mara kuona kiwango, kikishuka mwili unayakataa mapafu, kikipanda figo zinaumia. Balungi hagusi, linapandisha dawa. Prednisoloni nayo ya kushusha kinga, dawa za kuzuia vimelea, dawa za kuzuia virusi. Kila asubuhi kabla ya chai anapuliza kamashine kake, ninaandika namba kwenye daftari. Namba ikishuka asilimia kumi tunapiga simu siku hiyohiyo, hatusubiri kesho. Amechunguliwa kwa kamera ndani ya mapafu na kukatwa vinyama mara nyingi hata akiwa anajisikia vizuri.

Na kuna kitu ambacho sisi tulichelewa kukielewa. Mwili ukiyakataa mapafu polepole, baada ya miaka, namna inayotokea mara nyingi ni vijia vidogo kuziba kwa kovu. Yaani bronkiolaitisi obliteransi ileile. Karibu nusu ya waliopandikizwa wanaipata ndani ya miaka mitano. Ukichukua watu mia waliopandikizwa, baada ya miaka sita na kitu nusu yao ndio wako hai. Mume wangu angali hai, anapika, anagombana na mpira wa Harambee Stars kwenye simu. Nisingerudisha uamuzi ule. Lakini nisingependa mtu auze nyumba akidhani ananunua uponyaji.

Bi Mkasi

Nisamehewe kama nitaonekana mgumu. Huyu baba ana umri gani? Kuna wadogo wengine wanasoma? Nyumba ikiuzwa, binti akaenda, akafanikiwa, akarudi: hizo dawa za maisha nani ananunua? Damu ya kupima kiwango cha takrolimasi inapimwa wapi karibu na Pangani? Nimeshuhudia familia iliyomaliza kila kitu kwenye upasuaji na mgonjwa akafa kwa kukosa dawa za miezi iliyofuata. Ninauliza kwa sababu inaniuma. Upasuaji ni mwanzo wa gharama.

Tabibu Kifua

Bi Mkasi, hujakosea popote. Ni maswali ambayo kituo chenyewe kitauliza, na familia isipokuwa na majibu wataandika hafai, hata kama kifua kinafaa.

Kwetu figo zinapandikizwa Muhimbili tangu 2017 na Benjamin Mkapa, Dodoma, tangu 2018. Kwa hiyo dawa hizi nchini zipo, na madaktari wanaozijua wapo. Mtu aliyepandikizwa mapafu akirudi Tanzania anaweza kupata takrolimasi na kupimiwa kiwango. Anachokosa ni timu inayojua mapafu yaliyopandikizwa: wa kumchungulia kwa kamera akipandwa na homa, wa kusoma kinyama na kusema huku ni kukataliwa au ni maambukizi, maana dalili zinafanana na tiba zinapingana. Karibu nasi Afrika, upandikizaji wa mapafu unafanyika Afrika Kusini, Cape Town na Johannesburg. Kila kituo nitakachomshauri, popote, sharti la kwanza ni kukaa karibu nacho miezi ya mwanzo pamoja na ndugu wa kumwangalia. Hesabu ya dalali ina hilo? Ina kodi ya chumba? Ina dawa za mwaka wa kwanza?

Nesi Mwanza

Naongezea ya wodini.

Uzito. Mtu aliyekaa na vidonda mdomoni muda mrefu amekonda, na aliyekonda sana anakataliwa au anakufa mezani. Mpeni uji wenye karanga na maziwa, mayai, parachichi, kidogokidogo mara nyingi, kwa sababu tumbo likijaa linamsukuma kifua juu.

Kifua kikuu. Apimwe hata kile kilicholala. Hapa kwetu wengi tumekibeba bila kujua, na kinga ikishushwa kinaamka. Afadhali kitibiwe kabla, maana rifampisini, dawa ya kifua kikuu, inashusha takrolimasi vibaya sana; kuvitumia pamoja ni vita.

Damu. Asiongezwe damu ovyo bila sababu ya lazima. Kila chupa inaweza kumjengea kingamwili dhidi ya watu wengine, na kupata mapafu yanayomfaa kunazidi kuwa kugumu.

Chanjo apate sasa, kabla kinga haijashushwa zaidi. Na atembezwe. Ndani ya nyumba, na oksijeni yake, kila siku. Misuli ya miguu ikiisha, hakuna mapafu yatakayomsimamisha.

Jingine: akipata maumivu ya ghafla upande mmoja wa kifua na pumzi ikazidi kuwa fupi, msisubiri asubuhi. Mapafu ya aina hii hupasuka yakavujisha hewa.

Na mwisho nakuuliza mwanzisha uzi: umeandika baba anasemaje, kundi la familia linasemaje, dalali anasemaje. Binti mwenyewe anasemaje?

Jirani wa Bububu

Samahani kudandia uzi. Mjomba wangu ana ule ugonjwa wa gegedu, masikio yanavimba na kuuma, pua imedidimia, sasa wanasema bomba kubwa la hewa linalegea linajifunga akitoa pumzi. Naye kupandikiza kunamfaa?

Tabibu Kifua

Kwa hali unayoieleza, hapana, na ni vizuri umeuliza. Kwenye kupandikiza mapafu yote mawili, daktari anaunganisha kila pafu kwenye bomba lake dogo, kushoto na kulia. Bomba kubwa la kooni linabaki lilelile la mgonjwa. Mjomba wako angewekewa mapafu mazima chini ya bomba lililolegea. Yeye atafute daktari wa kifua na wa koo kwa pamoja, wamtazame kwa dawa za kutuliza kingamwili, mashine ya kusukuma hewa anapolala, na ikibidi kipande cha kushikilia bomba lisijifunge. Fungua uzi wako, nitakuja.

Kijana wa Pangani

Nesi, swali lako limenikaa tangu jana.

Nilimwuliza leo. Nilikaa naye uani, mashine ikiwa imewashwa. Akaniambia hakuna aliyemwuliza tangu augue, kila mtu anamwambia vumilia. Akasema haogopi kupasuliwa. Anachoogopa ni kufia ugenini na mama asimwone. Na akasema kama kuna nafasi ya kurudi kumaliza chuo, hata kwa miaka michache, anaitaka. Lakini nyumba ya mama isiuzwe. Hilo alilirudia.

Sikuwa na la kumjibu. Nikamwambia nitauliza kwanza kama anafaa, ndipo tuongee pesa.

Binti wa Kisauni

Mwambie dada yake wa Toronto amemsalimu. Na mwambie hofu yake hiyo aiseme kwa timu atakayokutana nayo, asiifiche. Mume wangu aliisema, wakapanga hadi nani apigiwe simu na lini.

Tabibu Kifua

Amesema vizuri kuliko sisi wote. Basi fanyeni kwa mpangilio huu.

Wiki hii apulize tena kipimo cha pumzi, kisha kila mwezi, kwa mashine ileile. Apigwe picha ya CT ya kifua akiwa amevuta pumzi na nyingine akiwa ameitoa yote, maana hewa iliyonaswa inaonekana kwenye ile ya pili. Na CT ya tumbo kuona kama uvimbe umekwisha. Mwombeni daktari wake amjadili na wa damu: bado kuna nafasi ya rituksimabu, dawa inayopunguza chembe za kutengeneza kingamwili, na dawa nyingine za kusimamisha kilichobaki. Zikisimamisha kwenye 24 na oksijeni, anaweza kuishi hivyo akisubiri bila pupa, na wapo wanaosimama hapo muda mrefu. Tena prednisoloni ishushwe taratibu na daktari wake kadiri inavyowezekana. Dozi kubwa inachelewesha vidonda vya upasuaji kupona na vituo haviipendi.

Nendeni maabara iliyosoma uvimbe muombe vile vipande vyenyewe vilivyogandishwa kwenye nta. Karatasi ya majibu haitoshi, kila kituo kitataka kusoma upya. Halafu daktari wake aandike barua ya rufaa kwa vituo viwili, pamoja na picha kwenye diski, ndipo hospitali ijibu kwa maandishi kama watamtathmini na kwa bei gani. Barua itoke kwa daktari kwenda kwa daktari. Dalali asiwepo katikati.

Na asipande ndege kabla hajapimwa oksijeni na gesi ya damu. Hewa ya ndani ya ndege ni nyepesi kama ya mlimani, mita elfu mbili na zaidi. Shirika linatakiwa liarifiwe mapema, mtungi wenu wa nyumbani hauruhusiwi ndani.

Kijana wa Pangani

Mrejesho, wakuu. Maabara wamesema vipande vipo, wanataka barua ya daktari na kitambulisho cha mgonjwa, Jumatatu naenda. Kipimo cha pumzi amerudia: asilimia 23. Daktari wake amesema tofauti hiyo ni ndogo, hawezi kuita kushuka, tupime tena mwezi ujao. CT ya kutoa pumzi ameiandika bila ubishi, alipoona nimeitaja akaniuliza nimeijulia wapi.

Baba amemwambia yule mnunuzi aangalie nyumba nyingine. Dalali amepiga simu mara mbili, sijapokea.

Daktari, akikataa kuandika rufaa kwa vituo viwili na kutaka kimoja tu, nimwambieje?

Tabibu Kifua

Mwambie unaomba maoni ya pili kwa sababu ugonjwa ni nadra. Hakuna daktari makini atakayekasirika. Akisita, nitumie ujumbe wa faragha nikupe namna ya kuandika hiyo barua, yeye aipitie na kusaini.